Bunduki ya Marisau Inapokwama: Maelezo kwa Mmiliki

Bunduki ya marisau inayojijaza yenyewe, ambayo wengi huiita shotigani, huhitaji usafi kuliko inavyohitaji nguvu. Katika ukanda wa Shinyanga, Kahama na Geita hukutwa zaidi mikononi mwa watu wawili: mmiliki anayewinda kanga na kware kwa kibali, na mlinzi anayekesha kwenye karasha, mwalo au duka la mnunuzi wa dhahabu. Wote wawili huijua hali moja: bunduki hufyatua mara moja, kisha hukwama. Tunaeleza hapa kwa nini hukwama na lipi lifanywe. Tunaeleza pia lipi lisifanywe, kwa kuwa hatari kubwa imo katika dakika ileile ya kukwama.

Bunduki ya mitutu miwili haina mengi ya kukwama, kwa sababu risasi huingizwa na ganda huondolewa kwa mkono. Hii inayojijaza hutumia nguvu ya risasi yenyewe. Katika aina nyingi, sehemu ndogo ya moshi wa baruti hupenya vitundu vya mtutu na kusukuma pistoni. Pistoni huirudisha bolti nyuma, ganda likatupwa nje, na springi ikairejesha bolti mbele pamoja na risasi mpya. Aina nyingine, ikiwamo ile iliyobuniwa na John Browning wa Marekani na kuanza kutengenezwa Ubelgiji mwaka 1902, hutumia teke la bunduki badala ya moshi. Kwa vyovyote vile, kazi yote hutendeka kwa kufumba na kufumbua, na masizi kidogo tu katika njia hiyo hutosha kuivuruga.

Kosa lililozoeleka si ukosefu wa mafuta bali wingi wake. Wako wanaopaka oili ya injini, hata ile chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari, na wako wanaotumia mafuta ya kupikia. Wakati wa kiangazi, mafuta hayo hunasa vumbi na kuwa tope laini linalokula chuma kama msasa. Kwa mlinzi wa karasha hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa vumbi la mawe meupe yanayosagwa ili kupata dhahabu ni gumu kuliko chuma cha kawaida. Bunduki ya mahali kama hapo ifutwe kila zamu inapokwisha, na mafuta mepesi ya silaha yapakwe kwa kitambaa hadi pabaki utando tu usioloanisha kidole.

Kabla ya kusafisha, risasi ziondolewe zote. Kuondoa zilizo katika bomba chini ya mtutu hakutoshi, kwa kuwa moja huweza kubaki ndani ya chemba, na hiyo moja ndiyo inayoua jamaa sebuleni. Bolti ivutwe nyuma na kufungwa hapo. Mmiliki atazame chemba kwa macho, kisha aiguse kwa kidole. Risasi zipelekwe chumba kingine. Ndipo bunduki ifunguliwe, lakini isipite pale kijitabu cha mtengenezaji kinapoishia. Mtutu upigwe brashi kuanzia upande wa chemba. Pistoni na vitundu vya moshi viondolewe masizi. Ikiwa imenyeshewa, ikaushwe kwanza, kisha ipakwe mafuta. Isihifadhiwe ndani ya mkoba wa ngozi au wa kitambaa, maana mikoba hiyo hushika unyevu.

Sasa tuje kwenye kukwama kwenyewe. Mmiliki akivuta kifyatulio na risasi isilie, asiishushe bunduki wala asichungulie mtutu. Aielekeze mahali salama na ahesabu pole pole dakika moja, kwa kuwa risasi huweza kuchelewa kulipuka. Baada ya hapo aitoe, akikumbuka kwamba bolti inaporudi mbele huweza kuingiza nyingine. Alama iliyo kwenye fataki, kile kitufe katikati ya kitako cha risasi, itamweleza mengi. Alama ikiwa nzito, risasi ndiyo mbovu. Ikiwa hafifu, bunduki ni chafu au springi imechoka.

Risasi ikilia kwa sauti dhaifu isiyo ya kawaida, asifyatue tena hata kama bunduki inaonekana nzima. Huenda kitu kimebaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua.

Hatari ya namna hiyohiyo hutokana na kuchanganya risasi. Risasi ya namba 20, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa rangi ya manjano, ikitumbukizwa katika bunduki ya namba 12 hupita chemba na kunasa mbele, mahali isipoonekana. Mwenyewe hudhani bunduki ni tupu na kuweka ya namba 12 nyuma yake. Basi maboksi ya namba mbili yasikae katika mfuko mmoja. Vilevile, mtutu ulioandikwa 12-70 usitiwe risasi ya milimita 76.

Kuhusu matengenezo, hatudharau mikono ya wahunzi wa Kanda ya Ziwa. Warongo wa Geita walifua majembe kwa chuma walichokiyeyusha wenyewe. Lakini mtutu uliochomelewa hupoteza uimara wake kwa moto ule, na fundi wa magobole hana kipimo cha kuugundua udhaifu huo. Zaidi ya hayo, silaha inasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na haikabidhiwi mtu asiye na leseni ya kazi hiyo. Mmiliki aulize kituo cha Polisi juu ya fundi anayetambuliwa, na anapoiacha bunduki apewe stakabadhi yenye namba yake.

Mwindaji akumbuke pia kwamba leseni ya kumiliki si kibali cha kuwinda. Kibali hutolewa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ambayo haikubali kila silaha wala kila njia. Kwa hiyo aulize ofisi ya wanyamapori iwapo bunduki inayojijaza yenyewe inaruhusiwa kwa windo analolikusudia, na aulize kabla ya kununua risasi.