Fahamu: Gharama za matibabu na nafuu ya kodi Marekani

Ni nafuu gani?
Nchini Marekani, mlipakodi anaweza kuondoa gharama za matibabu kwenye mapato yanayotozwa kodi, lakini ni ile sehemu tu inayozidi asilimia 7.5 ya mapato ghafi yaliyorekebishwa. Mwenye mapato hayo ya dola 60,000 aliyetoa dola 7,000 mfukoni anaondoa 2,500 tu. Tena sharti aorodheshe makato yake moja moja badala ya kuchukua lile la jumla, na kwa wengi la jumla ndilo kubwa zaidi.

Utunze nini?
Hapa ndipo haki hupotea kirahisi. Tunza risiti zenye jina na anwani ya aliyekuhudumia, kiasi na tarehe ya malipo. Andika pia safari za hospitali: maili, tozo za barabara, maegesho. Kilichorudishwa na bima hakihesabiwi, na kinachoangaliwa ni mwaka uliolipa, si mwaka uliougua.

Kwa muda gani?
Kwa kawaida miaka 3 tangu kuwasilisha ritani. Risiti haziambatanishwi, ila mamlaka ya kodi, IRS, inaweza kuzidai.