Uvimbe wa mgongo usio kansa: upi uachwe, upi ukatwe?

Mgonjwa akiambiwa ana uvimbe katika uti wa mgongo, mara nyingi hurudi nyumbani akiwaza jeneza. Kumbe ziko aina kadhaa ambazo si kansa wala hazisambai kwenda viungo vingine.

Hata hivyo, msomaji, usilale. Ndani ya uti wa mgongo mna mfereji mwembamba inamopita neva kuu inayoongoza miguu, kibofu na choo. Uvimbe mdogo ambao tumboni usingekushtua, humo waweza kukulemaza. Kwa hiyo usiulize tu kama ni kansa. Uliza pia umekaa wapi na unabana nini.

Unaoonekana kwa wingi ni hemanjioma, fundo la mishipa midogo ya damu ndani ya pingili. Takriban mtu 1 kati ya 10 analo, na wengi huzeeka nalo bila kujua. Likionekana kwa bahati tu katika picha, wala haliumi, huachwa. Usikubali kupasuliwa kwa ajili ya picha peke yake. Machache hubana neva, pengine mama akiwa mjamzito, na hayo ndiyo hutibiwa.

Kwa vijana, hasa wa miaka 10 hadi 25, kuna osteoidi osteoma. Ni kijiuvimbe cha mfupa, kwa kawaida hakifiki sentimita 2, lakini kina makali! Maumivu huzidi usiku, nayo hutulia upesi mtu akimeza ibuprofeni au aspirini, kwa kuwa uvimbe hutoa kemikali ambayo dawa hizo huizuia. (Mtoto asipewe aspirini bila idhini ya daktari.) Mgongo nao waweza kupinda. Kijana wa namna hii huambiwa anakwepa jembe, au hupelekwa kukandwa hadi alie. Kukandwa hakutamsaidia. Baadhi hupona kwa dawa na muda. Wengine uvimbe huunguzwa kwa sindano yenye joto, au hutolewa kwa upasuaji.

Meninjioma huota kwenye utando unaofunika neva kuu, na huwapata zaidi wanawake wa makamo na wazee. Hukua polepole mno hata mama akadhani ni umri: miguu mizito, kujikwaa, ganzi inayopanda hadi kifuani. Ukitolewa kabla miguu haijapooza, wengi hutembea tena vizuri.

Hapa kwetu kifua kikuu cha mgongo chaweza kufanana na haya, nacho hutibiwa hasa kwa dawa. Eksirei haionyeshi neva. Huhitajika picha ya MRI, na mara nyingine kipande cha uvimbe kipimwe maabara. Ni ghali, najua, lakini kukata bila kujua unakata nini ni ghali zaidi.

Miguu ikianza kulegea, sehemu unayokalia ikifa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Nenda siku hiyo hiyo katika hospitali yenye daktari wa upasuaji wa neva, na ubebe picha zako zote za zamani.