Mzigo wa Mwenzio

Kila alfajiri, baada ya sala, barabara za visiwa vyetu hupita vikundi vya watu wa mazoezi, wake kwa waume. Desturi hii ni njema, na Serikali imeitia nguvu kwa kuitenga tarehe 1 Januari ya kila mwaka kuwa Siku ya Mazoezi ya Kitaifa hapa Zanzibar. Lakini wapo wenzetu ambao huanza kwa furaha mwezi huo, na kabla ya mwezi wa pili kwisha hatuwaoni tena. Wengi wao ni watu wenye miili mikubwa, ambao ndio hasa wanaoambiwa na madaktari wajihadhari na kisukari na shinikizo la damu. Ukiwauliza, watakuonyesha magoti na visigino.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kiongozi wa kikundi aliye mwembamba hauhisi uzito anaoubeba mwenziwe. Anayekimbia, kila anapokanyaga, mguu wake hupokea kishindo cha mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake. Mtu wa kilo 60 hupokea kilo 120 hadi 180. Wa kilo 100 hupokea kilo 200 hadi 300. Na katika nusu saa ya mbio za pole, hatua hizo hupindukia 4,000. Kumpeleka mtu huyo kwenye lami akiwa na raba za soli nyembamba ni kumdhulumu.

Watakuwapo watakaotukumbusha kwamba Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 bila ya viatu. Ni kweli. Lakini Bikila alikuwa mtu mwembamba, na nyayo zake zilikwisha zoezwa; na hata yeye, aliposhinda tena mjini Tokyo mwaka 1964, alikuwa amevaa viatu.

Basi mnene achague vipi? Aende dukani jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo mchana kutwa. Avae raba zote mbili, asimame, na ahakikishe kwamba mbele ya kidole kirefu imebaki nafasi ya upana wa kidole gumba, wala ubavuni kiatu hakimbani. Akibonyeze kisigino kwa nyuma: kiwe kigumu, kisinywee. Akikunje: kipindike penye vidole, si katikati. Akikisokota kikajipinda kama kitambaa, akirudishe. Soli iwe nene na yenye kudunda, lakini isiwe laini mfano wa godoro, maana uzito huididimiza na mguu ukayumba.

Tunalisema hili la ulaini kwa makusudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kutoka Luxembourg, uliowahusisha wakimbiaji zaidi ya 800, ulionyesha kwamba waliovaa viatu vigumu waliumia zaidi kuliko waliovaa laini. Hata hivyo, nafuu hiyo ilidhihirika kwa wepesi; kwa wazito haikuwa bayana. Kwa hiyo ulaini peke yake si dawa. Kipimo kilicho bora ni mguu wenyewe: atembee na akimbie kidogo papo hapo dukani, na achukue kile kinachompa raha.

Wengi wetu hununua mitumba, wala si aibu. Lakini rahisi ghali. Raba ya mbio hudumu kiasi cha kilomita 500 hadi 800, na kwa mtu mzito hufa mapema zaidi. Soli yenye mikunjo mingi ubavuni, au iliyolika upande mmoja, sponji yake imekwisha hata kama kwa juu inang'aa.

Na kiatu chema hakiondoi busara. Mwenye maradhi amwone daktari kwanza. Aanze kwa kutembea, kisha achanganye dakika chache za mbio, na azidishe kidogo kidogo.

Kwa wakuu wa Serikali tuna ombi. Taasisi zetu hutumia fedha kushonesha fulana za mazoezi kwa wafanyakazi. Fulana hupendeza, lakini haipokei kishindo. Sehemu ya fedha hizo iwakopeshe wafanyakazi raba zinazofaa, wakatwe kidogo kidogo katika mishahara. Viongozi wa vikundi nao wafundishwe kuwapanga watu kwa uwezo wao, na viwanja vya udongo na majani vihifadhiwe, visimezwe na majengo.

Mtu mnene anayetoka alfajiri kukimbia mbele ya macho ya watu ana ushujaa. Tusimcheke, wala tusimwache nyuma. Tumtazame miguuni, tumshauri, ili Januari ijayo tumkute bado yumo safuni.