Abiria Waliokataa Kutengwa
Habari ya basi la Mandera, na mafunzo yake kwa kila mwenye jirani

Tarehe 21 Desemba 2015, basi la abiria lililotoka Nairobi kwenda Mandera lilisimamishwa kwa risasi karibu na El Wak, mji ulio mpakani mwa Kenya na Somalia. Ndani yake mlikuwamo watu zaidi ya 60. Wengi walikuwa Waislamu wa nchi ile, na wachache walikuwa Wakristo wa sehemu nyingine za Kenya. Wenye bunduki walikuwa watu wa kundi la Al-Shabaab. Waliwaamuru abiria washuke, kisha wakataka Waislamu wasimame upande mmoja na wasio Waislamu upande wa pili.

Hapakuwa na abiria hata mmoja asiyefahamu maana ya amri hiyo. Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 22 Novemba 2014, basi jingine lilikamatwa karibu na Mandera, abiria wakachambuliwa kwa dini, na watu 28 wakauawa kando ya njia. Miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakirudi kwao kwa likizo. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Desemba 2014, wachimbaji wa mawe 36 waliuawa usiku karibu na mji huohuo, nao pia baada ya kutengwa na Waislamu.

Lakini mara hii mambo hayakwenda kama wauaji walivyokusudia. Wanawake Waislamu walikwisha kuwapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika kichwa, wapate kufanana nao. Abiria waliposhurutishwa kujigawa, walikataa. Waliwaambia wale wenye bunduki kwamba kama ni kuua na wawaue wote pamoja, ama sivyo wawaache wote waende zao. Watu wawili waliuawa siku hiyo, na wengine wakajeruhiwa. Lakini yale mauaji makubwa yaliyokusudiwa hayakutokea.

Katika waliojeruhiwa alikuwamo mwalimu Mwislamu, jina lake Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi mjini Mandera. Alipigwa risasi kwa sababu ya kukataa kuwatoa wenzake. Akiwa kitandani hospitalini aliwaambia waandishi wa habari kwamba watu wa dini mbalimbali wanapaswa kuishi pamoja kwa amani na kusaidiana. Alifariki dunia mnamo Januari 2016. Mwaka huohuo Rais Uhuru Kenyatta alimtunukia nishani ya taifa kwa ushujaa wake, naye akiwa amekwisha kuzikwa.

HILA YA KUWATENGA WATU

Habari hii yafaa kufikiriwa sana, maana yaonyesha jinsi ugaidi unavyofanya kazi. Magaidi ni watu wachache. Hawana jeshi la kuweza kuitwaa nchi ya Kenya, wala hawana mashamba, shule au hospitali za kuwapa watu ili wapendwe. Silaha yao kubwa kupita bunduki ni shaka wanayoipanda baina ya jirani na jirani. Wakiua Wakristo na kuwaacha Waislamu, hutumaini kwamba Wakristo watawachukia Waislamu wote. Na kwamba Waislamu nao, wakiisha kuchukiwa na kusumbuliwa, hawatakuwa na mahali pa kukimbilia ila kwao.

Wala si kweli kwamba wanawapigania Waislamu. Bomu lililolipuliwa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998 kwenye ubalozi wa Marekani liliua watu 213, na lile la Dar es Salaam siku hiyohiyo liliua watu 11. Waliokufa wengi walikuwa Waafrika waliokuwa katika shughuli zao, makarani, wachuuzi na wapita njia, na bomu halikumwuliza mtu dini yake. Katika duka kubwa la Westgate, Nairobi, mwezi wa Septemba 2013, watu 67 waliuawa. Katika Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, waliuawa watu 148, na wengi wao sana walikuwa wanafunzi. Huko Somalia kwenyewe, Waislamu waliouawa na kundi hilo sokoni, hotelini na barabarani ni wengi kupita idadi ya Wakenya.

Hasara nyingine haionekani katika hesabu ya waliokufa. Baada ya mauaji ya mwaka 2014, walimu wengi wa kutoka mbali waliogopa kurudi Mandera, Wajir na Garissa. Mwezi wa Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe katika kaunti ya Garissa, walimu wengine waliondolewa katika sehemu nyingi za nchi ile. Madarasa yakabaki na watoto bila wa kuwafundisha. Watoto hao ni wa Waislamu, walewale ambao magaidi hudai kuwatetea. Mtoto aliyekosa mwalimu kwa miaka miwili hawezi kurudishiwa miaka hiyo.

JINSI VIJANA WANAVYOPATIKANA

Watu wengi hudhani kwamba gaidi ni mgeni kutoka mbali, asiyesoma, asiye na kwao. Mambo sivyo yalivyo. Mmoja wa walioshambulia chuo cha Garissa alikuwa kijana Mkenya aliyesomea sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake alikuwa chifu wa Serikali katika Mandera, na mzee huyo alikuwa amekwisha kutoa habari kwamba mwanawe amepotea na kwamba anamhofia. Kwa hiyo si elimu peke yake, wala nyumba njema peke yake, imwezayo kumlinda kijana.

Mwenye kuwatafuta vijana hufanya kwa ndogo lile lililofanywa kwa kubwa njiani pale El Wak: huanza kwa kutenga. Kwanza humtenga kijana na rafiki zake wa zamani. Kisha humfundisha kuwadharau wazee wake na masheikh wa msikiti wao, kwamba hawajui dini. Humpelekea maneno na picha kwa simu, na kumwonyesha mateso ya Waislamu wa nchi za mbali. Mwisho humwahidi kazi na mshahara ng'ambo ya mpaka. Kijana akifika huko huikuta kambi badala ya kazi, na mlango wa kurudia umefungwa.

Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa baada ya kuzungumza na mamia ya watu waliowahi kujiunga na makundi ya namna hii katika Afrika. Kati ya waliojiunga kwa hiari yao, 71 katika kila mia walisema kilichowasukuma mwishoni kilikuwa tendo la Serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Taarifa ya pili, ya mwaka 2023, ilionyesha kwamba robo nzima ya waliojiunga kwa hiari yao walijiunga hasa kwa kutafuta kazi. Waliotaja dini kuwa sababu kubwa walikuwa wachache kuliko hao.

MAKOSA YANAYOMSAIDIA ADUI

Hesabu hizo zinauma, lakini daktari asiyetaka kusikia ugonjwa hawezi kutoa dawa. Watu wa Kaskazini Mashariki wana kumbukumbu zao. Mwezi wa Februari 1984, wanaume wengi wa Wajir walikusanywa na askari katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawekwa juani bila maji kwa siku kadhaa, na wengi wakafa. Tena mwezi wa Aprili 2014, baada ya mashambulio ya magaidi, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh, na wengine wakazuiwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Miongoni mwao walikuwamo mama na watoto wasio na hatia yoyote.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Methali hiyo ni ya samaki kikapuni, nayo haifai kuwa sheria ya kuhukumia watu. Askari akimkamata kila mwenye jina fulani au kanzu fulani, amekwisha kuwagawa watu kama walivyogawa wale waliosimamisha basi, hata kama nia yake ni njema. Vilevile humpoteza shahidi wake, kwa sababu aliyetukanwa jana kituoni hatakwenda leo kituoni hapohapo kusema kwamba amewaona wageni wenye silaha.

Haya hayasemwi ili kumpa mwuaji udhuru. Mtu aliyeonewa ana njia za kudai haki, na hapana uonevu unaompa ruhusa ya kumpiga risasi mwanafunzi aliye kitandani. Sheria imkamate mwenye kosa na kumhukumu kwa ushahidi. Lakini hapana budi imkamate huyo, wala si jirani yake.

KAZI YA KILA MTU

Yako mambo yaliyokwisha kuanzwa. Mwaka 2013 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa Nyumba Kumi, uliofuata mfano wa Tanzania, ili majirani wajuane na kusaidiana katika ulinzi. Mwezi wa Aprili 2015, baada ya mauaji ya Garissa, Serikali iliahidi msamaha kwa vijana waliotaka kutoka katika kundi na kujisalimisha. Mwaka 2016 ukatolewa mpango wa nchi nzima wa kupambana na siasa kali za kuua, na mwaka uliofuata Kwale, jimbo lililopoteza vijana wengi, likatunga mpango wake lenyewe. Mwezi wa Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza katika Wajir mwisho wa ule uchunguzi wa ziada waliokuwa wakifanyiwa watu wa mipakani walipoomba vitambulisho.

Mipango hiyo, hata hivyo, hutimizwa na watu. Mzazi anayeona mwanawe amebadilika ghafula, amewakataa wenzake, ameficha simu yake na kusema maneno ya chuki, asingoje mpaka apotee. Azungumze naye kwanza bila matusi, kisha amtafute mtu ambaye kijana humheshimu, mjomba, mwalimu au sheikh. Mambo yakizidi, aende kwa chifu mapema. Naye chifu au polisi anayeletewa habari hiyo amtendee mzazi kama mtu aliyekuja kuokoa roho, asimtie pingu kwa kuwa baba wa mkosaji. Wazazi wengi hukaa kimya kwa kuogopa mambo mawili pamoja: wauaji wa msituni, na askari watakaokuja usiku.

Kijana aliyerudi akasalimu amri, na kuchunguzwa kwa sheria, apewe shughuli ya kufanya. Akikosa shamba, kazi na salamu za majirani, yule aliyempeleka mara ya kwanza atajua pa kumkuta.

Karani naye ana sehemu yake. Anapokaa mezani akapokea maombi ya kitambulisho, na kumwambia mmoja arudi kesho kila siku kwa ajili ya jina lake au kabila lake, anampa mtu huyo sababu ya kuamini kwamba nchi hii si yake. Mkulima ana sehemu yake sokoni, anapoamua kama ataendelea kununua na kuuza na jirani wa dini nyingine siku iliyofuata msiba.

Abiria wa basi la Mandera hawakuwa askari, wala hawakupewa mafundisho yoyote ya vita. Wengi walikuwa wasafiri wa kawaida waliokuwa wakirudi nyumbani. Walikuwa wamekaa pamoja safari ndefu, na walipoambiwa kwamba wenzao si wenzao tena, hawakusadiki. Mwalimu Salah Farah alilipa kwa maisha yake. Kila mtu mwenye jirani wa dini au kabila jingine na ajiulize mapema atajibu nini akiambiwa ajitenge naye, kwa maana siku ya kuulizwa hapatakuwa na nafasi ya kufikiri.