Tovuti Inapozimika Bila Kuguswa

Barabara ya taifa namba 3 hutoka Bujumbura, hupita Kabezi na kufuata ufuko wa Ziwa Tanganyika hadi Rumonge. Chukulia hoteli ndogo kando yake, iliyotengenezewa tovuti mwaka 2013 ikiwa na picha za vyumba, bei, na fomu ya kuweka nafasi. Miaka inapita, wageni wanaandika, mwenyewe hana shida. Siku moja anaifungua na kukuta ukurasa mweupe, hauna hata neno. Haikudukuliwa, wala hakuna aliyegusa kitu. Usiku, kampuni inayohifadhi tovuti yake imesasisha seva kwa ajili ya usalama.

Hoteli hiyo ni ya mfano tu, lakini kilichoizima kimezima tovuti nyingi za kweli.

Tovuti nyingi duniani huendeshwa kwa PHP, lugha ya programu iliyotolewa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995. Kwa miaka mingi mafundi walizoea kuunganisha tovuti na hifadhidata yake kwa amri moja, mysql_connect. Mwaka 2013, toleo 5.5 lilianza kuonya kwamba amri hiyo imepitwa na wakati. Tarehe 3 Desemba 2015 likatoka toleo 7.0, na amri yenyewe ikaondolewa; seva ikihamia toleo hilo, tovuti inayoitegemea amri hiyo hukwama. Mbadala wake, mysqli_connect, umezidi herufi moja tu, ila fundi akiiongeza hiyo peke yake bado hajamaliza: amri zinazofuata nazo zimebadilika, hata mpangilio wa yanayoandikwa ndani ya mabano. Ni kazi ya kupitia faili moja baada ya jingine.

Kwa nini basi kampuni isiache toleo la zamani liendelee? Kwa sababu PHP 5.6, toleo la mwisho kabla ya 7.0, iliacha kuzibwa matundu ya usalama mwishoni mwa 2018. Tundu likigunduliwa leo, wahuni wanalijua na hakuna wa kuliziba. Na wahuni hawachelewi. Oktoba 2014, mfumo wa kuendeshea tovuti uitwao Drupal ulipotoa kiraka cha tundu kubwa, watunzaji wake walitangaza baadaye kwamba tovuti yoyote ambayo haikuwekewa kiraka ndani ya saa 7 ihesabiwe imeshaingiliwa. Karibu miaka mitatu kabla, Januari 2012, tovuti 103 za serikali ya Kenya zilivamiwa kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo kampuni haina kosa kusasisha. Shida ni kwamba mwenye tovuti alilipia kutengenezewa, hakulipia kutunziwa, na fundi alishahamia kazi nyingine. WordPress, mfumo mwingine wa kuendeshea tovuti, tangu toleo 5.2 la Mei 2019 hujaribu kusaidia: ikigundua hitilafu kubwa hutuma barua pepe kwa msimamizi, yenye kiungo cha kuingilia na kurekebisha. Lakini anwani ya msimamizi mara nyingi ni ya yule fundi aliyeondoka. Barua inafika, ila kwa mtu ambaye haimhusu tena.

Kuna nafuu ya muda. Paneli za kusimamia tovuti, kama cPanel, humruhusu mteja kuchagua toleo la PHP, ikiwa kampuni bado inalo la zamani, na tovuti ikaamka kwa dakika chache. Muda huo utumike kuchukua nakala ya kila kitu, kuijaribu nakala hiyo kwenye toleo jipya, na kubadilisha anwani ya msimamizi iwe ya mwenye hoteli.