Kukunja Karatasi: Darasa Moja, Ngazi Tatu



Origami ni sanaa ya kukunja karatasi iliyostawi nchini Japani. Jina lake linatokana na maneno mawili ya Kijapani: ori, kukunja, na kami, karatasi. Vifaa vyake ni vichache: karatasi nyembamba iliyokatwa mraba, meza na mikono. Kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kwamba darasa la origami halina gharama wala ugumu.

Gharama kweli ni ndogo. Ugumu uko kwa washiriki, kwa kuwa hawalingani. Mmoja anashika karatasi kwa mara ya kwanza, na jirani yake amekwisha kukunja ndege kumi. Mwalimu akimfuata mwepesi, anayeanza hubaki nyuma, huona haya, na wiki inayofuata haji. Akimsubiri anayeanza, mwepesi huchoka na kuondoka. Makala hii inaeleza namna ya kuwahudumia wote katika chumba kimoja.

Lugha moja kwa wote

Friedrich Fröbel (1782–1852), mtoto wa mchungaji wa Kilutheri huko Ujerumani, ndiye mwanzilishi wa shule za chekechea. Alianza kazi hiyo mwaka 1837, na kukunja karatasi kulikuwa miongoni mwa shughuli za watoto wake. Chekechea ya serikali iliyofunguliwa Tokyo mwaka 1876 ilifuata njia zake, na huko kukunja kwa Kizungu kulikutana na kukunja kwa Kijapani.

Hata hivyo, kwa muda mrefu hapakuwa na alama za pamoja za kuandika hatua za kukunja. Akira Yoshizawa (1911–2005), aliyewahi kufanya kazi kiwandani na kuwafundisha wafanyakazi wachanga jiometri kwa kukunja karatasi, alisaidia kuondoa tatizo hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1954 alitumia mistari na mishale kuonyesha kila hatua. Alama hizo ziliboreshwa baadaye na leo zinatumika duniani kote. Mstari wa vipande vipande ni mkunjo wa bonde, yaani karatasi inakunjwa kuja kwako. Mstari wa vipande na nukta ni mkunjo wa mlima, yaani inakunjwa kwenda nyuma. Mshiriki akifundishwa alama hizi siku ya kwanza, anaweza kusoma mchoro mwenyewe bila kumngoja mwalimu.

Ngazi tatu

Ngazi ya kwanza ni mikunjo iliyonyooka tu. Kikombe cha karatasi kinafaa sana: kina hatua chache, na kikikunjwa vizuri kinashika maji kwa muda mfupi. Mshiriki anajifunza kulinganisha kona na kona na kukaza mkunjo kwa ukucha.

Ngazi ya pili ni ndege korongo, anayefahamika sana katika origami. Hapa kuna hatua moja inayowashinda wengi, pale karatasi inapofunguliwa na kuvutwa juu ili itoe umbo refu lenye ncha. Mwalimu atenge muda wa kutosha kwa hatua hiyo, na atumie karatasi kubwa inayoonekana hadi nyuma ya chumba.

Ngazi ya tatu ni korongo walioungana. Karatasi moja hukatwa sehemu bila kutenganishwa kabisa, kisha hukunjwa korongo kadhaa wanaobaki wameshikana kwa mdomo au bawa. Kitabu kilichochapishwa Kyoto mwaka 1797 kinaonyesha aina 49 za kazi hiyo. Hata fundi mzoefu hutoka jasho, maana ncha ndogo ikichanika kazi yote imeharibika.

Faida ya mpango huu ni kwamba ngazi ya pili na ya tatu wanakunja ndege yuleyule. Mzoefu ana kazi ya kumtosha, na akiulizwa na jirani anaweza kumsaidia bila kuacha somo lake.

Usishike karatasi ya mwenzako

Kanuni kubwa ya darasa ni hii: anayesaidia asishike karatasi ya anayejifunza. Achukue karatasi yake mwenyewe, aonyeshe hatua, kisha asubiri. Akae ubavuni, wala si mbele, kwa sababu anayekaa mbele anaonekana kinyumenyume, kulia kukiwa kushoto.

Niliwahi kuhudhuria somo la namna hii. Nilipokwama, mwalimu kwa wema wake alichukua karatasi yangu akaimalizia. Nilirudi nyumbani na korongo mzuri sana. Watoto waliponiomba niwakunjie mwingine, sikuweza hata hatua ya tatu.

Tunachopaswa kuhesabu

Hapa ndipo wanakamati na wafadhili wanapohusika. Taarifa yenye picha ya korongo mia waliopangwa mezani inapendeza, na kila anayetafuta msaada anajua hivyo. Lakini picha hiyo haisemi nani aliwakunja. Tukidai vitu vizuri vya kuonyesha, tunamsukuma mwalimu amalizie kazi za wanaosuasua, na hao ndio waliotufanya tufungue darasa.

Tunashauri maswali mengine matatu yaulizwe. Je, wangapi walioanza ngazi ya kwanza bado wanahudhuria? Wangapi wanaweza kukunja bila mwalimu? Wangapi wamemfundisha mtu mwingine nyumbani? Majibu yanaweza kuwa madogo kuliko korongo mia, lakini ndiyo yatakayoonyesha kama darasa limemfaa mtu.

Korongo aliyepinda shingo, aliyekunjwa na mikono ya mwanafunzi mwenyewe, apewe nafasi yake mezani.