Kupima Manufaa ya Data za Mwendo wa Binadamu

Data za mwendo ni namba zinazoonyesha, kwa kila sehemu ndogo ya sekunde, mahali zilipo nyonga, magoti na vifundo vya mtu anayetembea, pamoja na nguvu ambayo nyayo zake huikandamizia ardhi. Na maabara inapoziweka wazi ili watafiti wengine wazitumie bila malipo, hubaki swali la namna ya kujua kama hatua hiyo imezaa chochote.

Kipimo kilichozoeleka ni idadi ya mara ambazo makala iliyotokana na data hizo imetajwa na watafiti wengine, nacho ni kipimo chepesi kupotosha. Mwaka 2007, Heather Piwowar na wenzake waliona kuwa tafiti za jeni za saratani zilizoweka data wazi zilitajwa zaidi kwa takriban asilimia 69. Mwaka 2013, yeye na Todd Vision walipopitia tafiti zaidi ya 10,000 za jeni na kuzingatia mambo mengine yanayoipa makala umaarufu, nyongeza ilishuka hadi asilimia 9.

Kipimo imara zaidi ni matumizi mapya. Data za mwendo zilizotolewa wazi na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ziliunganishwa mwaka 2019 na makusanyo mengine katika hazina iitwayo AMASS, yenye zaidi ya saa 40 za mwendo, ambayo hutumika kuifundisha kompyuta jinsi mwili unavyojongea; lakini mwendo wa sakafu ya maabara si mwendo wa mlimani.

Kenya ina mfano unaolionyesha pengo hilo. Mwaka 1986, Geoffrey Maloiy na wenzake walipima oksijeni iliyotumiwa na wanawake Waluo na Wakikuyu waliobeba mizigo wakitembea kwenye tambarare, wakaona kuwa mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nishati. Mwaka 1995, Norman Heglund na wenzake walieleza kuwa wabebaji hao, mwili ukipanda na kushuka kwa kila hatua kama pendulamu, huokoa nishati zaidi kuliko watu wengine. Mwaka 2010, Ray Lloyd na wenzake, waliowapima wanawake Waxhosa wa Afrika Kusini, hawakuuona unafuu huo kwa jumla, bali tofauti kubwa kati ya mtu na mtu, yaani jambo ambalo wastani hulificha na namba za kila mshiriki hulifichua.

Kwa mama wa mlima wa Sagalla, nchini Kenya, mwenye kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12, ilhali mtungi wa lita 20 anaoubeba juu ya ngata una maji ya kilo 20, nayo njia inapanda mlima; matokeo ya tambarare, hata yakitajwa mara elfu, hayawezi kumweleza gharama ya safari hiyo.

Kwa kuwa mwendo wa mtu unaweza kumtambulisha, uwazi wa namba hizo hauna budi kufuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, na ridhaa ya mshiriki itangulie. Hilo likishatimia, NACOSTI, inayotoa vibali vya utafiti nchini, ingefaa imtake kila mtafiti wa mwendo aeleze, pamoja na mahali atakapoziweka data zake, ni swali gani la watakaopimwa ambalo data hizo zitalijibu.